Utumbo wa Fundi Saa

4 Machi

Mke mwenzangu,

Hujambo? Koo lako linalopenda kuvimba halijambo? Meno, macho, miguu ya kusimama kutwa, vyote vizima? Mimi ni mzima kuanzia kichwani hadi kifuani, tena mzima kuanzia magotini hadi kwenye kucha. Hapo katikati ndipo palipofanya nishike kalamu.

Nilianguka. Kaa chini kwanza, sijafa. Sakafu ya machinjioni ilikuwa na mafuta, nami nimebeba beseni la utumbo wa ng'ombe wawili. Nikateleza, nikaenda chini, beseni likaja juu yangu. Wachinjaji walicheka mpaka walipoona mkono wangu wa kushoto umeelekea kusikoelekea mkono. Zahanati waliunyoosha, wakaufunga plasta, wakanipa vidonge vyeupe vya maumivu: kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. Maumivu yaliondoka, siwasingizii. Ila yalipoondoka yaliondoka na choo changu.

Leo siku ya nane. Tumbo limekuwa debe, nikiligonga kwa kidole linaitika. Nikicheua inakuja harufu nisiyotaka kuieleza, na anayesema hivyo ni mtu aliyeosha matumbo miaka arobaini. Jana nilicheua nikiwa peke yangu chumbani, nikatoka nje mbio kana kwamba nimemkimbia mgeni. Chakula nakitazama kama adui. Nimejichukia, mtoto wee. Mtu mzima kugeuka mfuko wa uchafu wake mwenyewe! Babu yako, mume wetu sote wawili, angekuwapo angehamia kwa jirani.

Na jirani mwenyewe, yule mshonaji, ameniletea chupa ya dawa ya kuharisha. Anasema niimalize yote halafu nikae karibu na mlango. Nimeiweka dirishani, tunatazamana. Wewe kazi yako ni wazee na matumbo ya wazee. Niambie ninywe au nisinywe, wala usizungukezunguke.

Usicheke mwandiko. Shule sikuingia hata kuomba maji. Herufi nilizidokoa kwenye madaftari yako ulipokuwa darasa la kwanza, kwa hiyo makosa yote yaliyomo humu ni ya mwalimu wako.

Bibi yako


19 Machi

Shikamoo Bibi,

Barua yako nimeisoma kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikacheka, nikaogopa, nikacheka tena. Mimi ni mzima, koo halijambo. Pole sana na mkono.

Chupa ya mshonaji USINYWE. Mrudishie na shukrani, mwambie mjukuu wako ni mkali. Rudi zahanati leo, waambie siku ulizohesabu, waombe wakupunguzie dawa ya maumivu na wakupe ya kulainisha choo. Kama umeanza kutapika, usiende kwa miguu, upelekwe.

Nikueleze kwa nini, maana najua huamini mpaka uone. Utumbo mwembamba hausubiri kuamrishwa. Chakula kikiingia, unajibana wenyewe kwa nyuma yake na kujilegeza kwa mbele, unakisukuma hatua kwa hatua, kama wewe unavyobana utumbo wa ng'ombe kwa kidole gumba ukiutoa maji. Sasa hizi dawa za maumivu makali hazijui kwenda mahali pamoja tu. Zinabisha hodi kwenye ubongo, maumivu yananyamaza. Zinabisha hodi kwenye utumbo pia, nao unanyamaza. Haujaziba, Bibi. Umelala. Chakula kinakaa palepale, mwili unakifyonza maji, mwisho kinakuwa tofali. Ziko dawa nyingine za kuuamsha, na nyingine za kuulaza kwa makusudi, zile za kuzuia kuhara. Utumbo ni mtiifu mno, unasikia kila anayeuita.

Hapa kwenye nyumba ya wazee tuna daftari la choo. Kweli! Kila zamu tunaandika nani amekwenda, mara ngapi, kigumu au laini, rangi gani. Mimi ndiye mwenye mwandiko mzuri, kwa hiyo nimekabidhiwa mimi, pamoja na ufunguo wa kabati la dawa. Nimesoma, nimepata cheti, na sasa ni karani wa mavi. Anayenipa shida zaidi ni mzee wa chumba cha nne, tunamwita Fundi Saa kwa kuwa alitengeneza saa maisha yake yote. Ana uvimbe unaokula mifupa ya mgongo. Anameza vidonge kama vyako, ila vikali mara nyingi zaidi, na juu yake tunampa dawa ya kulainisha. Hata hivyo huenda siku ya tano, tena kwa kuombewa.

Mgongo wangu nao unanisumbua kidogo tangu nilipomnyanyua mama wa chumba cha saba alipoanguka bafuni. Ni kidogo tu.

Mjukuu wako


6 Aprili

Mke mwenzangu,

U hali gani? Mimi hali yangu ni nyepesi. KIMETOKA.

Sitaki kukusimulia lakini nitakusimulia. Zahanati walinipunguzia vidonge, wakanipa dawa kama sharubati, tamu ya kuchukiza, inayobaki mdomoni kutwa. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili nikasikia ndani kitu kinajipindua, kama mtu anayeamka hajui yuko wapi. Siku ya tatu nilikuwa kwa mshonaji napimwa gauni. Nilitoka na gauni la watu, halijapigwa pindo, lina pini ubavuni, nikaingia chooni nikazaa. Nasema nikazaa kwa kuwa mama yako hakunitoa jasho lile. Uvundo wake ulimtoa jogoo juu ya ukuta. Mshonaji anataka gauni lake lifuliwe mara mbili, nami nimemwambia mara tatu, hana kosa.

Uliyoyaandika kuhusu utumbo niliyajua kwa vidole, ila sikuyajua kwa maneno. Ng'ombe akichinjwa asubuhi, utumbo wake ukiwa bado wa moto kwenye beseni unaendelea kutembea. Mnyama amekwisha kufa, kichwa kiko kule, na huo unajibana na kujiachia kama hauna habari. Wasichana wapya wanaokuja kuosha hukimbia wakitapika. Mimi siku zote niliupenda. Kinachonitia kinyaa ni ule usiotembea. Tukipata wa hivyo tunajua yule mnyama alikuwa mgonjwa kabla ya kisu.

Sasa mgongo. "Kidogo" yako naijua. Ulipovunjika jino ulisema kidogo. Unameza nini? Nani amekutazama? Na hilo daftari lenu limenichekesha, kisha likanikera. Wazee wote wanaandikiwa, vizuri. Wewe unayewaandikia, wewe anakuandikia nani?

Bibi yako


11 Mei

Shikamoo Bibi yangu,

Nisamehe kuchelewa, zamu zimekuwa nyingi, wenzetu wawili wameacha kazi. Mkono umefunguliwa plasta? Mimi mgongo umepona kabisa, siusikii hata nikiinama, usiutaje tena.

Kinachonikera ni tumbo. Labda chakula cha jikoni hapa, kila kitu kimechemshwa mpaka kimesahau kilikuwa nini. Napata siku sita bila kwenda. Nimejaa gesi, sketi siifungi kifungo, nikinusa supu natapika mate. Basi nameza dawa ya kulainisha, nayo inakuja yote kwa pamoja nikiwa kazini. Siwezi kumwacha mtu nusu ameoshwa, kwa hiyo nameza ile ya kuzuia. Halafu siku sita nyingine. Nimechoka na huu mwili, unanuka ndani kwa ndani.

Na hapa nimechoka na miili ya watu. Fundi Saa amegeuka. Yule wa siku tano sasa anaharisha mara tatu, mara nne kwa siku, wiki ya sita hii. Shuka nazibadilisha mimi. Mavi yapo hadi mgongoni, hadi kwenye nywele, na yananuka kitu kichungu kisichotoka kwenye kucha. Tumempa ile dawa ya kuzuia, inamshika kidogo tu. Halafu amekuwa mkali. Anatoka jasho, anapiga miayo mfululizo, kamasi zinamchuruzika, nikimgeuza anapiga kelele jengo zima linasikia. Juzi aliniuma mkono. Zamani alikuwa ananiita "binti."

Kituko kingine: kila nikimpa kidonge anakipeleka dirishani kwenye mwanga, anakizungusha, anasema, "Hiki si changu. Changu kina mstari katikati." Wenzangu wanacheka sana. Nimeandika kwenye faili lake kwamba ameanza kuchanganyikiwa. Uzee ni kinyaa, Bibi. Mungu anipitishe mbali.

Mjukuu wako


30 Mei

Mjukuu wangu,

Natumaini barua hii itakukuta hai. Mimi niko salama, mkono umepona umepinda kidogo, unafaa.

Barua yako nimeisoma mara nne nikiwa nimekaa, na mara ya tano kichwani nikiosha utumbo. Ile ya tano ndiyo iliyonisimamisha. Niliuacha utumbo ndani ya maji, nikaenda kukaa juu ya ndoo, wenzangu wakadhani nimepatwa na kizunguzungu.

Wewe mwenyewe ulinifundisha. Ulisema dawa ya maumivu makali inaulaza utumbo. Sasa nieleze mimi nisiyesoma. Mzee anayemeza dawa hiyo kila siku, utumbo wake unakimbia wiki sita. Wewe usiyemeza dawa hiyo, utumbo wako umelala. Mgongo wake uliokuwa umetulizwa sasa unamliza jengo zima lisikie. Mgongo wako uliokuuma mwezi wa tatu, mwezi wa tano huusikii hata ukiinama, na hukuniambia nani aliutibu. Halafu kuna mtu aliyetumia macho yake miaka hamsini kutazama skrubu ndogo kuliko chawa. Anashika kidonge, anawaambia hiki si changu. Nanyi mnacheka. Na wewe unaandika amechanganyikiwa.

Ni wewe unayempa vidonge mkononi? Unampa nini badala yake, chokaa?

Kama nimekosea, niandikie matusi yote unayoyajua na mengine uazime kwa wenzako. Nitayapokea na nitakuomba radhi kwa magoti. Kama sijakosea, basi leo, kabla hujatia kitu mdomoni, nenda kwa msimamizi ukaseme. Sikuambii hivyo kwa ajili yako. Wewe una miguu, una mlango, unaweza kutoka. Yeye amelazwa hapo na maumivu yake na mavi yake, na ufunguo wa kabati la dawa umo mfukoni mwako.

Nimeshika uchafu maisha yangu yote na sijawahi kutapika. Leo nimetapika.

Bibi yako


14 Juni

Bibi,

Sina salamu leo. Kumbe ndivyo unavyonifikiria. Nimekulipia paa, nimekununulia kitanda, nimevunjika mgongo kwa kuwageuza watu wasionikumbuka jina, halafu unaniita mnyang'anyi wa wagonjwa kwa sababu mzee mmoja anaharisha!

Wewe akili yako imekaa kwenye beseni. Kila mtu kwako ni utumbo. Unajua shuleni niliwaambia wenzangu unauza vitambaa? Miaka saba. Nilikuwa nanusa mikono yangu chini ya dawati kabla sijainyoosha kujibu swali. Nilikuwa nakwambia nimeshiba ili nisile ulichopika kwa mikono ile. Nilisoma nitoke kwenye ule uvundo, na sasa umenifuata nao hadi huku kwenye bahasha.

Hujui unachokisema. Hujui maumivu ni nini, ulivunjika mkono siku mbili tatu ukapona. Hujui kuamka na kujiuliza utavaa vipi viatu. Usiniandikie tena mambo haya. Ikiwezekana usiniandikie kabisa.

Mimi


2 Agosti

Mjukuu wangu,

U mzima? Sijapata barua wiki saba na umesema nisiandike. Naandika. Mimi mzima, nakula, nakwenda choo vizuri.

Matusi nimeyapokea yote, hakuna lililopotea njiani. La vitambaa nililijua zamani. Mwalimu wako alikuja nyumbani kuagiza kitambaa cha pazia, akanikuta na beseni. Nilimwambia vimeisha. Sikukwambia kwa kuwa ulikuwa mtoto, na mtoto akiona aibu ya kitu haimaanishi hakipendi. La chakula sikulijua. Limeniuma, limepita.

Lakini kurasa zako mbili nimezigeuza mbele na nyuma kama utumbo unaotafutwa mchanga, na hamna mahali ulipoandika "sikuchukua." Umenitukana kwa kila neno ila hilo moja.

Fundi Saa yu hai? Akilia anaitika nani?

Leo nimepeleka bahasha mbili posta. Moja hii. Ya pili ni ya msimamizi wenu, anwani niliisoma kwenye barua zako. Nimemwandikia: mtazameni mzee wa chumba cha nne, angalieni vidonge anavyopewa, mwaminini akisema si vyake. Jina lako sikuliandika. Halikuwa langu kuliandika.

Bibi yako


9 Septemba

Shikamoo Bibi,

Natumaini hujambo. Mimi niko kitandani hospitali, wiki ya tano. Naandika nimelala, soma polepole.

Ni kweli. Yote, kama ulivyoyapanga.

Ilianza na kimoja. Mgongo ulinishika nikiwa nimemwinamia yeye mwenyewe, kidonge chake kiko kwenye kikombe, nikakimeza mimi. Nikampa kidonge cha chokaa kile cha kuimarisha mifupa, ni cheupe kama chake. Ulibahatisha hadi chokaa. Nilijiambia ni leo tu. Bibi, si maumivu peke yake yaliyoondoka. Uchovu uliondoka, kinyaa kiliondoka, nilimwosha mtu huku naimba. Ndani ya wiki mbili vyote vilikuwa vyangu. Yeye kwanza alitoka jasho na kuharisha kwa kukatiwa dawa ghafla, na sisi tukaendelea kumpa ile ya kulainisha kwa kuwa imeandikwa kwenye faili, hakuna aliyeuliza. Nami niliyejua nikamzidishia ile ya kuzuia. Si kumsaidia. Ni ili daftari lisiseme.

Tarehe kumi Agosti nilianguka kwenye korido. Nilikuwa na siku kumi na moja bila choo, na asubuhi ile nilikuwa nimemeza ya maumivu, nimemeza ya kuzuia, sijui hata kwa nini, kwa mazoea. Nilianza kutapika kijani. Baadaye kikaja kitu cha kahawia, na harufu yake, Bibi, unaijua. Ilitokea mdomoni mwangu. Wenzangu niliokula nao walirudi nyuma wakiziba pua. Niliwaona.

Hapa walinipitisha mrija puani hadi tumboni, ukawa unavuta uchafu kwenye mfuko uliotundikwa kando ya kitanda, nikawa nautazama ukijaa. Daktari aliweka chombo chake tumboni, akasikiliza hapa, akasikiliza pale, muda mrefu. Akasema, "Kimya kabisa." Picha ilionyesha utumbo mwembamba umevimba kote, umejaa hewa na maji. Walidhani umejisokota, wakasema watanipasua jioni ile. Akaniuliza ninameza nini. Nikasema hakuna. Akaniuliza tena huku ananionyesha karatasi ya kukubali kupasuliwa, nikasema nanunua vidonge vya mgongo mtaani. Kwa hiyo hawakunipasua, lakini ujue nilidanganya hata pale, na mrija puani.

Siku ya tatu walinipa sindano, wakasema inaifukuza ile dawa ya maumivu kwenye utumbo bila kugusa kwingine. Ikaja ngurumo ndogo upande wa kulia. Kisha nikajamba. Muuguzi aliita mwenzake wakapiga makofi. Mimi nililia, nao wakadhani ni furaha.

Siku ya tano alikuja msimamizi na barua yako mkononi. Hakujua ni yako. Aliniuliza tu kama mtunza daftari, "Kuna mtu ametuandikia juu ya chumba cha nne. Unajua lolote?" Nilikuwa na njia, Bibi. Alikuwa ameniletea na machungwa. Niliona mwandiko wako, herufi zangu za darasa la kwanza. Nikamwambia, "Ni mimi." Aliyachukua machungwa yake akaondoka nayo. Sikumlaumu.

Fundi Saa yu hai. Amerudishiwa dawa yake, na binti yake sasa anakaa naye kila siku. Nasikia siku ya pili alilala kwa muda wa saa kumi na nne, na siku ya nne choo kikafunga, wanampa ya kulainisha kama zamani. Ana uvimbe, hatapona. Lakini miezi mitano ile nilimpokonya, na hakuna wa kumrudishia.

Kazi imekwisha. Shauri liko polisi, nimeambiwa nisisafiri. Usiku na mchana natoka jasho, napiga miayo, utumbo unakimbia kama wake ulivyokimbia. Shuka langu wanalibadilisha watu wasionijua. Mmoja ana uso wa kinyaa kama niliokuwa nao mimi. Sitakuomba unisamehe. Nimekuandikia ujue.

Mjukuu wako, kama bado


25 Septemba

Mke mwenzangu,

Hujambo? Jasho limepungua? Mimi hali yangu si mbaya, nimepungua uzito kwa kukuwaza, gauni la mshonaji sasa linanining'inia.

Nianze na unalolijua. Nimechukizwa. Nimekaa na barua yako siku tatu nikitafuta ndani yangu mahali pasipochukizwa, sijapaona. Ungeiba chakula chake ningesema una njaa. Lakini kumtoa mtu mahali asipoumwa na kumrudisha kwenye maumivu, kisha kumwita mwehu anaposema, kisha kuufunga utumbo wake usikuchongee! Hata utumbo wake uliuziba mdomo. Hilo sijui nilitie kwenye maji gani likatoka.

Sasa na lingine. "Kama bado" uliloandika pale chini, usirudie. Tena likinifikia mara ya pili nitakuja huko na mkono wangu uliopinda. Ujukuu si kazi, hufukuzwi.

Kuhara kutakwisha. Usimeze cha kuzuia hata wakikupa kwa upole. Ule utumbo ulilazwa kwa nguvu, na sasa unaamka kwa fujo, uache ufanye fujo yake. Kunywa maji yenye chumvi kidogo na sukari, unywe kidogo kidogo. Waambie madaktari ukweli wote, jasho, hamu, vyote, wakutoe humo taratibu wanavyojua. Yule mwenye uso wa kinyaa mwambie asante kila akibadilisha, hata asipoitika.

Nawe una kazi. Ukiweza kusimama, mtafute binti wa Fundi Saa kwa ruhusa ya msimamizi. Akikataa usimwone baba yake, rudi, na wiki ikipita uombe tena. Akikubali, nenda ukae mbele yake, usisimame, watu waliolala wamechoka kutazama pua za waliosimama. Umwambie kwa mdomo wako kwamba macho yake yalikuwa sahihi. Kidonge hakikuwa chake. Mstari ulikuwapo kweli. Usilie mbele yake, utampa kazi ya kukubembeleza.

Halafu ule chakula. Halafu uniandikie mambo mawili tu: alikujibu nini, na kama umekwenda choo kwa nguvu zako mwenyewe bila dawa ya kukusukuma wala ya kukuzuia. Mengine yote tutayasema nikikushika.

Bibi yako


17 Oktoba

Shikamoo Bibi,

Natumaini barua hii itakukuta na afya, na gauni limeanza kukukaa. Mimi nimetoka hospitali, niko chumbani kwangu.

La kwanza. Binti yake alikataa mara moja, ya pili akakubali, akasimama mlangoni muda wote. Nilikaa. Nilimwambia kama ulivyosema, hadi la mstari. Alinisikiliza hadi mwisho, kichwa hakimsumbui hata kidogo. Kisha akaniashiria nisogee, nikadhani anataka kuninong'oneza. Akanitemea mate usoni. Yalikuwa mazito, yana harufu ya dawa, yakashuka taratibu hadi kwenye mdomo. Akaniambia, "Andika na hilo kwenye faili." Nikaomba kalamu kwa binti yake, nikalichukua faili lililotundikwa miguuni pa kitanda, nikafuta pale nilipoandika amechanganyikiwa, nikaandika: "Ana akili timamu. Ametema mate kwa sababu." Nikamsomea kwa sauti. Akasema, "Weka tarehe." Nikaweka. Ndipo nikajifuta.

La pili. Ndiyo. Leo asubuhi.

Mjukuu wako